Lori Namba Nne Mpaka Mtoni

Ni wiki ya tatu sasa tangu nirudi kutoka safari yangu ya kwanza ya kusini, na habari zangu nimeshazisikia mara tatu, kila mara zikiwa na sura nyingine. Mama Zawadi wa duka la kona kaambiwa nilipindua lori la serikali. Kanisani wanasema nilichukuliwa kwenda kuwapikia wanaume. Na wewe Salome, uliyekaa nami dawati moja miaka saba, umenitumia ujumbe kuuliza kama ni kweli nilimpiga kibao koplo mwenzangu. Sasa nawaandikia wote kwa pamoja, maana nimechoka kusimulia vipande vipande nikiwa nimeshika ndoo bombani. Sikupindua kitu, sikupika chochote, na kibao sikumpiga mtu, ingawa mkono uliniwasha siku mbili nzima.

Kiwalani hadi kambini

Mnajua kwamba mie ni mwanajeshi, ila kazi yangu hasa wengi wenu hamuijui. Ni koplo, na ni dereva. Mwaka juzi nilifaulu mtihani wa lori zito lenye tela, mwanamke wa kwanza katika kikosi chetu. Siku hiyo nilipigiwa makofi, nikapigwa picha, na picha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kesho yake nikakabidhiwa gari la maji. Tangu hapo nimezungusha maji toka kisimani hadi jikoni na toka jikoni hadi zahanati, na kila wakija wageni wakubwa naitwa nikasimame kando ya lori kubwa ili waone kwamba yupo mwanamke. Nilisimama. Wageni wakishaondoka, funguo anapewa mwingine.

Halafu mvua ikabomoa daraja moja dogo kule ng'ambo ya Rufiji, mabasi yakakwama pande zote mbili, na kikosi chetu kikaagizwa kupeleka maboriti ya chuma ya kujengea daraja la muda. Malori sita yenye tela. Madereva wa tela waliokuwa wazima walikuwa watano, wa sita alikuwa hoi kwa malaria. Nikaitwa mie.

Aliyeniita ni Sajenti Meja wa usafirishaji. Si mtu mbaya, ila ana tabia ya kuongea huku anatazama karatasi. Akanionyesha hati ya safari. Ni ukurasa mmoja wenye mistari mitano, kila mstari hatua moja ya njia, na kwenye kila mstari linaandikwa jina la aliyeshika usukani. Akaniambia nitapewa dereva msaidizi, Koplo Pazi, ambaye kazi yake ya kila siku ni basi la kikosi.

"Ukizidiwa mpishe Pazi, hakuna aibu," akasema. "Lakini nikikuta jina lake kwenye mstari hata mmoja, Rehema na Anitha wakitoka chuo nitawapa gari la maji. Siwezi kupeleka barabarani dereva wa nusu njia."

Rehema na Anitha ni wasichana wawili wa kikosi chetu, mapraiveti, ambao walikuwa wanamalizia kozi ya malori mwezi huohuo. Alisema hayo bila hasira, na ndicho kilichoniudhi. Pazi akichoka njiani, kachoka Pazi. Mie nikichoka, wamechoka wanawake wote. Nikasema ndiyo afande, nikatoka, nikaenda kulikagua lori namba nne tairi moja baada ya nyingine hadi hasira ikapungua.

Asubuhi ya safari mama alinifungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye mfuko, akanishika mkono mlangoni tukasali. Ndege ikapita juu ya bati, na mnavyojua huku kwetu jirani na uwanja wa ndege, tukanyamaza wote mpaka itue ndipo akamalizia amina. Kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikichoka nimwachie mwanaume ashike. Hata mama. Nilipanda bodaboda nikiwa nimenuna, na nilinuna mpaka Buguruni, ambako watu walikuwa wanashusha matenga ya nyanya na hakuna aliyekuwa na muda na hasira zangu. Naomba msimwambie mama kwamba nimeyaandika haya.

Kambini hadi Kongowe

Pazi ni Mzaramo wa Kisarawe, mie Msukuma, na hapa Dar hakuna asiyejua maana yake. Mtani wako ana ruhusa ya kukusema lolote mbele za watu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Pazi alianza kuitumia ruhusa hiyo hata hatujatoka getini. Alisema Wasukuma tumezoea kuswaga ng'ombe, kwa hiyo nisije nikalipiga lori fimbo. Alisema jina langu, Kabula, ni la mtoto wa mvua, kwa hiyo mvua iliyobomoa daraja nimeileta mwenyewe ili nipate safari. Mie nikamjibu kwamba Wazaramo waligawa viwanja vyote vya mji huu ili wapate nafasi ya kucheza ngoma, na sasa wanalialia wamebanwa. Tulicheka, tena sana.

Lakini nilisikiliza vizuri, na kabla ya Mtoni kwa Azizi Ali nilishagundua kwamba katika kila maneno kumi, mawili hayakuwa ya Msukuma. Yalikuwa ya mwanamke. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu yalikuwa yamepakiwa ndani ya utani, na utani huwezi kuupeleka kwa mkubwa ukaushitaki.

Mbagala tulikaa karibu saa mbili. Lori namba mbili lilichemsha pale Rangi Tatu, na katika msafara wa jeshi hakuna kupitana. Mmoja akisimama, wa nyuma wote wanasimama. Jua likatupiga. Wauza machungwa wakatuzunguka, bodaboda zikapenya katikati yetu, na Pazi akaimaliza michembe ya mama huku akilalamika kwamba ni migumu. Mzee mmoja wa kanzu alikuja dirishani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama mie, akatazama usukani, kisha akamgeukia Pazi na kumpa pongezi. Alisema vijana wa siku hizi hawana subira ya kumfundisha mke gari, tena gari kubwa kama lile.

Pazi, bila hata kupepesa macho, akamwambia ni kweli mzee, ila ni mgumu wa kuelewa.

Waliokuwa karibu wakacheka hadi muuza machungwa akaacha kumenya. Nikamwinamia yule mzee nikamwambia kwa heshima zote kwamba mie ndiye dereva, chuma kile nyuma ni mzigo, na huyu hapa kushoto ni mzigo pia, ila yeye hakufungwa kamba. Mzee alicheka kwa sauti kuliko wote. Akaniombea dua ya safari, na alipoondoka aligeuka mara mbili kutazama.

Kongowe hadi Kibiti

Baada ya Kongowe njia ikafunguka na mie nikaanza kulijua lori langu. Klachi yake ilikuwa na ukorofi wa peke yake: ilishika juu kabisa, halafu ikaachia ghafla. Ukiiharakisha, tela linakusukuma mgongoni. Ukiibembeleza, inatii. Mpaka Mkuranga goti langu la kushoto lilikuwa linatetemeka, ila tulikuwa tumeelewana. Nilifurahi peke yangu, kwa siri, maana sikutaka Pazi aione furaha yangu akaifanyia utani.

Nilikosea mara moja. Kilima cha kuingilia Kibiti nilichelewa kubadili gia, lori likaguna na kupungua hadi wa nyuma yetu akapiga honi. Pazi akatazama mkono wangu juu ya gia, utani akauacha. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angenitania.

Kibiti tulisimama kula kwa mama lishe mmoja aliyekuwa amearifiwa mapema. Kapteni Haule, kiongozi wa msafara, ana utaratibu wake: madereva wanakula kwanza, kwa sababu wakimaliza wanakwenda kukagua kamba na tairi wakati wengine wanakula. Basi mama lishe akatangaza madereva wapite mbele. Nikapita. Akanizuia na mwiko, si kwa ubaya, akaniambia, "Wewe mwanangu njoo huku nyuma unisaidie kupakua, hawa kaka zako wana njaa."

Nisichoweza kuwaficha ni kwamba kidogo niupokee ule mwiko. Mkono ulishanyooka, kwa mazoea tu ya kuambiwa na mama mtu mzima. Halafu nikaona mafuta meusi ya grisi kwenye vidole vyangu, nikamwonyesha, nikamwambia mie ndiye namba nne. Akahesabu malori kwa kidole. Akayahesabu tena. Akamwita dada yake aliyekuwa anakaanga samaki, wakaja wote wawili hadi kwenye lori wakashika tairi kana kwamba wanapima kitambaa.

Nilipewa kambale mkubwa kuliko wa kapteni, na wali uliokuwa unafuka moshi. Wakati wa kuondoka wale akina mama walisimama barabarani na vitambaa vyao vya jikoni mabegani, na sikubadili gia vibaya.

Kibiti hadi Ikwiriri

Hatua hii ilikuwa fupi, na ndiyo iliyoniuma. Mvua ilianza, vioo vikaingia ukungu, na Pazi akawa anafuta kioo upande wangu kwa leso yake. Nikadhani tumekuwa marafiki. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, isiyo ya utani, kwamba kule mtoni kuna tope na nitampa tu usukani, kwa hiyo nisijichoshe bure.

Nikamwuliza kama huo ni utani. Akacheka, akasema bila shaka ni utani, Msukuma hana akili ya kutofautisha.

Nikaendesha mpaka Ikwiriri macho barabarani. Niliumia, na sitaki kujifanya kwamba sikuumia. Mtu akikutukana waziwazi unajua pa kushika. Huyu alikuwa ananipiga na kuuficha mkono mgongoni, na wenzetu wote wakicheka, nami nikitakiwa kucheka nao. Tulipofika walinipa chumba cha walimu kwenye shule tuliyopiga kambi. Nikakikataa, nikalala kwenye kabini ya lori langu na funguo mfukoni.

Ikwiriri hadi mchepukoni

Asubuhi tuliuvuka Rufiji, maji yamejaa rangi ya chai ya maziwa, na baada ya mwendo wa saa mbili hivi tukakuta foleni. Mabasi, malori ya korosho, magari madogo, watu wamefua nguo na kuzianika juu ya boneti. Ilikuwa siku yao ya nne pale. Mama mmoja mjamzito alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha basi, na mumewe anampepea kwa kipande cha boksi. Nilipomwona yule mama ndipo nilipoelewa kwamba chuma nilichobeba hakikuja kwa ajili ya ugomvi wangu na Pazi.

Barabara yenyewe ilikuwa imekatika, kwa hiyo ili kuufikia ukingo wa ule mto mdogo wa daraja lililobomoka ilibidi tuache lami na kushuka kushoto, kwenye mchepuko wa udongo mweusi wa kama mita mia nne, umelainika kwa mvua, wenye mteremko na mtaro upande mmoja. Malori matatu ya mbele yalipita, la tatu kwa shida na kelele nyingi. Kapteni Haule akaja hadi mlangoni kwangu akiwa na ubao wa karatasi zake mkononi, anaandika. Ni mtu mpole, wa Songea, hapendi kupaza sauti.

"Kabula, hapa mpishe Pazi," akasema. "Ni mita mia nne tu. Mstari mmoja."

Pazi alishafungua mlango wake.

Amri ni amri, na nyie mlioolewa na wanajeshi mnajua. Lakini askari ana haki ya kuomba kusema, na mie niliiomba. Kapteni akaniruhusu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Ikwiriri, juu ya Sajenti Meja, na Rehema, na gari la maji. Yote yakapotea. Nikashuka, nikazunguka mbele ya lori hadi alipo Pazi, madereva wote wanatuangalia pamoja na nusu ya abiria wa yale mabasi.

"Pazi, tuweke utani pembeni," nikasema. "Mie si Msukuma, wewe si Mzaramo. Tangu getini mpaka hapa, nimekosea wapi?"

Mtu wa Pwani ukimwambia hivyo mbele za watu, umemfungia njia zote. Hawezi tena kucheka akaponea hapo. Akibaki na utani baada ya kuombwa auweke pembeni, hana mtani tena, na kila mtu atajua kwamba yale ya nyuma hayakuwa utani bali chuki. Pazi alilijua hilo kuliko mie. Akaufunga ule mlango aliokuwa ameufungua.

"Kilima cha Kibiti ulichelewa gia," akasema.

"Na kwingine?"

"Kwingine hakuna." Akamgeukia kapteni. "Afande, klachi ya hili gari ina kichaa. Inashika juu, inaachia ghafla. Huyu kashaizoea. Mie nikipanda saa hizi, nitakuwa naanza kujifunza kwenye tope."

Kapteni Haule alitutazama, akatazama tope, akaitazama ile foleni ya watu. Akaniambia nikilitia mtaroni atawajibishwa yeye, na sie wawili tutafuata. Kisha akasogea pembeni.

Mchepukoni hadi mtoni

Ningependa kuwaambia kwamba nililipeleka kwa mara moja watu wakashangilia. Nilikwama katikati.

Mita mia mbili za kwanza zilikwenda vizuri, gia ya kwanza, mguu mwepesi. Halafu tairi za nyuma za tela zikazama upande wa mtaro, lori zima likainama, na nikaona maboriti kwenye kioo yakivuta kamba. Nikaacha mafuta mara moja. Kutoka kwenye foleni sauti ya mwanaume ikasema, "Mpeni mwanaume ashike." Nyingine ikamwitikia. Zikawa nyingi.

Niliogopa. Lakini udongo mweusi naujua. Likizo zote za utoto nilizipeleka kwa babu Shinyanga, na kule mbuga, ndiyo udongo huohuo mweusi, ikinyeshewa huwezi kuishindania nguvu, ukilazimisha inakumeza. Nikashuka nikaanza kupunguza upepo kwenye tairi ili zitandike juu ya tope zisizame, moja baada ya nyingine, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope hadi mapajani. Wale wanaume wakaona naharibu. Mmoja akapiga kelele kwamba dada anatoa upepo, jamani mkamateni. Sikugeuka. Nilimaliza tairi sita, kombati ikawa nzito, na nilipoinua kichwa sikumwona Pazi kwenye kabini.

Alikuwa anarudi kutoka kando ya barabara, mahali wanapofulia nazi, amekumbatia makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, hadi kidevuni. Akayamwaga mbele ya tairi, akaenda tena. Hakuna aliyemwagiza. Kisha wanawake wa kwenye mabasi wakafungua kanga zao na kuanza kubeba makumbi nao, na wale waliokuwa wanapiga kelele wakaona aibu, wakafuata. Ikawa njia ya makumbi hadi kwenye ukingo. Nikapanda, nikaibembeleza ile klachi, lori likatikisika, likajiinua, likapanda juu ya makumbi. Mita mia mbili zilizobaki nilizimaliza kwa muda mrefu kuliko misa ya Pasaka, na sikuvuta pumzi vizuri mpaka niliposimamisha kando ya winchi ya kuteremshia mzigo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo uvumi wa kibao ulipotokea. Kwa utaratibu wetu mzigo hauteremshwi mpaka aliyeendesha hatua ya mwisho asaini hati kwamba umefika salama. Ni ili chuma kikikutwa kimepinda, ajulikane wa kuulizwa. Kapteni akaniletea hati. Mistari minne ya juu ilikuwa na jina langu. Wa tano ulikuwa umeandikwa Koplo Pazi, kwa wino. Ndicho alichokuwa anaandika pale mlangoni wakati ananipa amri, na baadaye katika ile pilikapilika akasahau.

Nikamwonyesha. Akasikitika kweli, akasema hati haifutwi-futwi, itaonekana vibaya, ni mstari mmoja tu, yeye mwenyewe ataeleza akirudi. Lakini yeye alikuwa anabaki mtoni wiki mbili kujenga, na karatasi ilikuwa inarudi na mie, na Sajenti Meja anatazama karatasi.

"Siwezi kusaini, afande," nikasema. "Hiyo karatasi haisemi kweli."

Akaniambia basi asaini Pazi, maana jina ni lake. Akampa kalamu.

Nataka muelewe Pazi alikuwa anapewa nini. Mstari ule kwenye faili lake ni sifa. Lori lililokwama na kukwamuliwa, kwenye safari ambayo kikosi kizima kinaizungumzia. Aliishika kalamu, akaisogeza hadi kwenye karatasi. Nilimtazama, na hapo ndipo mkono uliponiwasha kuliko wakati wowote.

"Naandika niliendesha wapi?" akauliza.

Kapteni akauonyesha ule mstari wa tano kwa kidole.

"Afande, mie Mzaramo, naongopaga mambo mengi. Ila hili mabasi yote yameliona." Akairudisha kalamu.

Winchi ilikuwa inanguruma, watu wa foleni wanasogea karibu kuuliza mbona hawateremshi. Yule mama mjamzito alikuwa upande uleule wa mto na sie. Nilikuwa namfikiria, na niliona haya kwamba mie ndiye ninayemchelewesha. Nilijua pia kwamba naweza kushitakiwa kwa kukaidi. Lakini nilisimama wima, mikono ubavuni, tope linaganda kwenye shingo, na niliamua kwamba nitasimama hivyo mpaka karatasi iseme kilichotokea. Nilikuwa nimesimama kando ya lori kwa mwaka mmoja na nusu nikipigwa picha. Siku hiyo nilikuwa na sababu.

Kapteni Haule akaiegemeza hati kwenye ubavu wa lori. Kisha akapiga mstari juu ya jina la Pazi, akaandika langu juu yake, akaweka sahihi yake pembeni. Nikasaini. Boriti ya kwanza ikainuliwa kabla hata sijamrudishia kalamu.

Kurudi

Njia ya kurudi lori lilikuwa tupu na jepesi. Utani uliendelea. Pazi alisema Msukuma akiona tope anakumbuka nyumbani. Nilisubiri yale mawili katika kumi, sikuyasikia. Sisemi kwamba amebadilika, nasema sikuyasikia.

Sajenti Meja aliipokea hati bila kuniangalia. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano akaweka kidole.

"Hapa pana nini?"

"Pana kosa lililosahihishwa, afande."

Akaisoma sahihi ya kapteni. Akainua kichwa akanitazama, mara ya kwanza tangu nimfahamu, kombati yangu ikiwa bado na tope la kusini. Akasema yamebaki maboriti ya malori mawili, na wale wasichana wanamaliza chuo Ijumaa.

Wiki iliyopita Anitha aliendesha namba mbili. Rehema aliendesha namba nne, ile ya klachi ya kichaa, na mie nikawa msaidizi wake. Mvua ilikuwa imerudi. Tulipofika mchepukoni alisimamisha lori, makumbi yetu yalishazama yote, tope liko laini kama siku ile. Akauachia usukani, akanigeukia.

"Dada Kabula," akasema, "shika wewe hapa. Hapa tu."

Ningelivusha mie kwa dakika kumi. Hakuna mtu kikosini anayelijua tope lile kama ninavyolijua. Na niliogopa, wapenzi wangu, niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Nikakunja mikono kifuani, nikageuza uso nikatazama nje ya dirisha la kushoto, kwenye minazi, na sikugeuka mpaka niliposikia gia ya kwanza ikiingia.